Usiniandike Kwenye Hisa Zako

Eliwaza mwanangu,

Mambo ya sweta, ya dawa ya kifua na ya kutolala na dirisha wazi kwenye baridi ya Iringa, mama yako amekwisha kukueleza, na najua atakueleza tena kesho ukiwa umeshika begi mlangoni. Mimi siyagusi. Nimekuja kukaa huku nyuma, kwenye banda la ng'ombe, jua likiwa bado lipo, nikuandikie jambo moja ambalo nilipaswa kukuambia mezani leo mchana nikashindwa.

Tulipomaliza kula loshoro ya mahindi na maziwa mgando ulinawa, ukaifuta mikono, ukatoa karatasi kwenye bahasha na kuniwekea mbele kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mkubwa kinywaji. Katiba ya kampuni ya kushona mnayokwenda kuanzisha Iringa, wewe na mwenzako Rehema. Ukurasa wa mwisho, mahali pa wanahisa, jina la kwanza lilikuwa langu: hisa hamsini na moja. Chini yangu wewe, ishirini na tano. Chini yako Rehema, ishirini na nne. Ukasema, "Baba, wewe ndiye mwenyekiti. Mimi siwezi kukaa juu yako."

Mama yako akapiga kigelegele, hata jirani akachungulia juu ya ua kuuliza nani amechumbiwa. Mimi nikasema miwani yangu imebaki chumbani, nitasaini baadaye. Miwani ilikuwa kwenye mfuko wa shati.

Sitasaini, Eliwaza. Nitakueleza sababu, na nitaeleza kwa urefu, maana ualimu hautoki mwilini kwa kuacha kufundisha. Lakini kama utachoka njiani ukaacha kusoma, shika hili moja: futa jina langu kabla hujatuma karatasi hizo kwa msajili wa makampuni. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu, nimezoea kukuagiza. Leo naomba.

Karakana yangu ya Ngarenaro, kule mjini, unaijua tangu ukitambaa. Ulijifunza kushona viti pale, juu ya meza ile ndefu, na fundi turubai alikuwa akikuficha sindano ukiwa mdogo. Unajua kwamba watoto wa marehemu baba yako mkubwa Anaeli waliniondoa. Watu wengi wanajua hivyo, na mama yako ameisimulia kanisani mpaka mchungaji akamwomba apumzike. Ambalo hujui ni kwamba nafasi ya kuniondoa niliwapa mimi, kwa mkono wangu, nikiwa na akili zangu timamu, na nikiwa nimeonywa.

Mwanzo nilikuwa na jina la biashara tu. Nilitoka kufundisha uchoraji wa mitambo chuoni, nikakodi kiwanja, nikaanza kukata magari ya utalii katikati na kuyaongeza urefu: unakata chesisi, unaunga kipande, unachomelea, unarudisha mwili wa gari, unaweka paa la kuinuka ili mgeni asimame apige picha ya simba. Kazi ilikuwa nzuri. Kisha ikaja kampuni kubwa ya kupeleka wageni mbugani, ikasema inataka kunipa magari yake yote, ila haiwezi kuandikiana mkataba na mtu mmoja mwenye jina la biashara. Inataka kampuni iliyosajiliwa, Limitedi.

Kwa hiyo usije ukasema huko mbele kwamba baba alichukia makampuni. Ile Limitedi ilikuwa na thamani. Ilitulisha, ilikusomesha wewe, iliezeka nyumba hii. Kosa langu lilikuwa katika kupima. Nilipofika mahali pa kutoa fedha, nililia pale ambapo kila shilingi ingenilinda, nikacheka pale ambapo kila shilingi ilikuwa moshi.

Sheria ya wakati ule ilitaka wanahisa wasiopungua wawili. Nikamfikiria kaka yangu Anaeli, nani mwingine? Na hapa ndipo penye jambo lenyewe. Kugawa hisa ilikuwa kazi ya dakika moja kwa mtu mwingine yeyote duniani: gari nimekata mimi, mtaji wangu, wateja wangu, kaka apewe hisa moja ya kukamilisha idadi. Lakini mimi nilikulia huku mlimani. Nilikulia katika nyumba ambayo mdogo hakati nyama kabla mkubwa hajakata, hakai kwenye kiti kilichoinuka kuliko cha mkubwa, hata kwenye picha ya harusi anajua pa kusimama. Nikaona itakuwaje karatasi ya serikali, yenye mhuri, imwonyeshe Anaeli chini yangu. Watu wangesema yule mwalimu amempa kaka yake mkia. Basi nikampa hamsini na moja, mimi nikabaki na arobaini na tisa.

Nilipompelekea habari alicheka. Akasema, "Mdogo wangu, mimi hata spana sijui kuishika."

Nikamwambia, "Kaka, ni karatasi tu."

Nimekuwa nikiyasikia maneno hayo kichwani kila siku, Eliwaza. Ni karatasi tu. Leo mchana, uliponiona sisaini, wewe nawe uliyasema. Ulisema, "Baba, ni karatasi tu, kazi tutafanya mimi na Rehema." Hukunisikia nikiyasema kwa Anaeli, hukuwa umezaliwa. Lakini uliyasema vilevile, na kwa tabasamu lilelile.

Nilikuwa nimekwenda kwa wakili kwanza, usifikiri sikwenda. Msichana mdogo, ofisi ya ghorofani mjini, ngazi zimebanduka rangi. Aliniamkia vizuri, akasoma mgawo wangu, akauliza, "Mzee, huyu kaka yako analeta nini kwenye kampuni?"

Nikasema, "Analeta ukubwa."

Akaandika kitu. Kisha akanieleza polepole, kama ninavyopenda kueleza mimi, kwamba hisa hazijui ukubwa wala udogo wa mtu. Mwenye zaidi ya nusu ndiye anayeamua nani awe mkurugenzi na nani aondoke. Akasema tukitaka kumheshimu kaka, tumwite mwenyekiti, tumpe kiti na chai, lakini hisa zibaki kwa anayebeba kazi. Na kama nimeshikilia mgawo wangu, basi tuandike mkataba wa wanahisa: mmoja akifariki, mwenzake awe na haki ya kununua hisa zake kabla hazijaenda kwa warithi. Akataja ada ya kuuandika.

Nilikasirika mara mbili. Kwanza ada. Pili, binti mdogo ananitajia kifo cha kaka yangu aliye hai, anayelima, anayekunywa mbege yake na kurudi nyumbani kwa miguu. Na anataka nimlipe kwa kumtaja! Niliteremka zile ngazi nikisema peke yangu. Nikaenda kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, ambapo kijana alikuwa na katiba tayari kwenye kompyuta, anabadilisha majina tu, bei ya chakula cha mchana. Ile katiba ilikuwa ya mtu wa vyakula vya kuku. Alisahau kufuta kifungu kimoja, kwa hiyo mpaka leo karakana ile, kwa mujibu wa katiba yake, ina ruhusa ya kuangua vifaranga. Tulicheka sana tulipokigundua. Nilikuwa nikiwasimulia wageni.

Fedha nilizookoa kwa yule binti, unajua zilikwenda wapi? Bango la rangi tatu. Mhuri wa kujiwekea wino. Kalenda zenye picha yangu na Anaeli tumevaa suti, yeye amekaa, mimi nimesimama. Mbuzi watatu wa kuzindua. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo nilichokilalamikia bei. Vilikuwa vinaonekana, unaona. Wakili ungemwonyesha nani?

Anaeli hakunidai kitu chochote maisha yake yote. Jumamosi alikuwa akishuka mjini, anakaa kwenye stuli karibu na mashine ya kukunja bati, anakunywa chai, mafundi wanamwita mwenyekiti, anafurahi, anapanda kurudi. Alipofariki nililia kama mtoto. Sikukumbuka hisa hata kidogo.

Mwanawe Julius alikumbuka. Na sitaki umchukie Julius, maana mama yako anataka umchukie. Alikuwa msimamizi wa mirathi, ana mama mjane na wadogo zake wanamtazama, na sheria ilimwambia hizo hisa ni za marehemu. Alikuja karakana akiwa amevaa vizuri.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba."

Akanipa karatasi ya kuitisha mkutano wa wanahisa. Nikamwambia baba yake hakuweka hata shilingi moja pale. Akaniuliza bila jeuri, kama mtu anayetaka kweli kujua, "Sasa kwa nini ulimwandika?"

Ningemjibu nini? Kwamba nilikuwa nampa nyama ya mkubwa? Alikuwa kijana wa mjini, angenielewa na bado asingebadilisha kitu. Mkutano ulifanyika, wakapiga kura, hamsini na moja dhidi ya arobaini na tisa, nikaacha kuwa mkurugenzi wa karakana niliyoijenga. Arobaini na tisa zangu bado ninazo. Ni kama kuwa na mlango wa nyumba iliyobomolewa.

Sasa nifike mahali ambapo mama yako alinikataza nisifike. Anasema usiondoke na mzigo. Lakini mzigo uko kwenye karatasi ile uliyoniwekea mezani, na usipoujua utaubeba.

Ulipoanza kidato cha tano, kabla ya mkutano ule, tulikopa benki kununua mashine kubwa. Kampuni ndiyo iliyokopa. Nilimkalisha mama yako jikoni nikamfundisha maana ya Limitedi. Nikamwambia: kampuni ni mtu mwingine kabisa, ana jina lake, ana madeni yake, dhima ya wenye hisa ina kikomo, kampuni ikianguka, hakuna anayekuja kugusa kihamba chetu, nyumba na shamba hili la ukoo. Nilimchorea hata picha, ukuta katikati, karakana upande huu, migomba upande ule. Alielewa. Mimi huwa naeleza vizuri, Eliwaza, huo ndio msiba wangu.

Ila benki nayo inaujua ule ukuta. Ndiyo maana iliniwekea karatasi nyingine pembeni: dhamana binafsi. Maana yake, kampuni isipolipa, nitalipa mimi, mwenyewe, na mali yangu, na kihamba hiki. Ni kutoboa mlango kwenye ukuta niliouchora. Nilikuwa na haraka, niliamini karakana, nikasaini. Mama yako naye ilibidi asaini kukubali, kwa kuwa ni mke. Alinitazama kwanza. Nikamwambia, "Saini tu, si nilikueleza?"

Julius na wenzake waliponitoa kwenye ukurugenzi, dhamana haikutoka pamoja nami. Ilibaki mwilini mwangu. Kisha ukaja ule ugonjwa uliozuia wageni, magari ya utalii yakasimama kwenye nyasi, hakuna aliyetaka kukata chesisi. Karakana ikafungwa. Benki ikaja kwangu. Umeona barua zikija, ukadhani ni za kutukumbusha. Zimekwisha kupita kukumbusha. Mahakama imeamua, na dalali alikuja wiki iliyopita wakati umekwenda kumuaga Rehema akitangulia Iringa. Alitembea kwenye migomba akipiga picha kwa simu. Mama yako alimkaribisha chai kwa sababu hajui kutomkaribisha mtu.

Kihamba kikiuzwa huenda kisitoshe. Na kisipotosha, watatafuta kitu chochote chenye jina langu. Hisa ni mali, mwanangu, kama ng'ombe, kama gari. Siku jina langu litakapokaa kwenye kampuni yako na hamsini na moja, deni langu litapanda basi kwenda Iringa. Litaingia chumba mlichokodi. Litakaa juu ya cherehani alizoleta Rehema, binti wa watu, ambaye baba yake alikuamini kwa sababu aliambiwa wewe ni mtoto wa mwalimu. Kisha siku moja atakuja mtu nadhifu, atakuamkia, atakwambia yeye ndiye mwenye sehemu kubwa. Na atakuuliza kwa nini uliniandika.

Utamjibu nini? Kwamba ulikuwa unamheshimu baba?

Nisikilize sasa, nikiwa bado na mwanga.

Kwanza jiulizeni kama mnahitaji kampuni mwaka huu. Mko wawili, mna cherehani na turubai na kambi mbili za wageni zilizoahidi kuwapa viti na mahema ya kushona. Kampuni ni kama ng'ombe wa ndani: anakula hata siku asiyotoa maziwa. Kila mwaka kuna ritani, ile taarifa ya kampuni, ya kupeleka kwa msajili, kuna hesabu za kukaguliwa, kuna mambo ya kodi, hata kama hamjauza kitambaa kimoja, na ukichelewa kuna faini. Kama jina la biashara linatosha, anzeni nalo. Siku mteja mkubwa atakaposema anataka Limitedi, au deni la kazi likianza kuwa kubwa kuliko mnavyoweza kulibeba kwa mabega yenu, hapo kampuni itakuwa na thamani, na gharama yake mtailipa bila kuumia. Lakini wewe unaujua mkataba wenu na kambi kuliko mimi. Kama wamekwisha kuitaka, sawa, sajilini.

Mkisajili, mtafuteni wakili kabla ya mchapaji wa bango. Mlipe huyo mtu ada yake bila kununa. Mwambie aandike nani ameleta nini, nani anaamua nini, na itakuwaje mmoja wenu akiolewa akahama, akiugua, akichoka, akifa. Akitaja kifo chako usiteremke ngazi. Kaa. Bango mnaweza kuandika kwa brashi.

Na benki ikikuwekea karatasi ya pili pembeni, isome hiyo kuliko ya kwanza.

Basi. Hayo mengine utajifunza mwenyewe, na utakosea kwako, si kwangu.

Kuna jambo bado, na hili ndilo linalonifanya mkono uwe mzito. Ungeweza kufikiri nimekataa kwa sababu nina busara. Hapana. Ulipoiweka ile karatasi mezani, nililisoma jina langu pale juu, nikalisoma tena. Tangu mkutano ule wa Ngarenaro hakuna aliyeniandika mahali popote isipokuwa benki na mahakama. Mafundi niliowafundisha kushika tochi ya kuchomelea wakinikuta barabarani wananisalimia wakitazama pembeni, kwa kuniona huruma. Na wewe, mtoto wangu wa mwisho, umechukua kampuni ambayo hata haijazaliwa ukanikalisha kwenye kiti cha mbele. Nilitaka kile kiti, Eliwaza. Nilikitaka kiasi kwamba pale mezani nilijua kila kitu nilichokuandikia hapa, na mkono wangu ulikwenda mfukoni kuitafuta kalamu. Ilikuwa karibu na miwani. Nilipoigusa nikaogopa, nikasema ule uongo.

Kwa hiyo najifahamu. Karatasi nzuri kama hii naweza kuiandika nikiwa peke yangu na ng'ombe. Lakini kesho ukisimama mbele yangu umevaa nguo za safari, mama yako akilia pembeni, ukinipa kalamu kwa mikono miwili na kusema "Baba, tafadhali, niende na baraka yako," nitasaini. Sina nguvu ya kukukatalia uso kwa uso. Nikikataa, mama yako atauliza kwa nini, na nitaanza kueleza, na katika kueleza nitapata sababu nzuri ya kusaini. Mimi huwa naipata.

Nimelikata jina langu kwa mstari kwenye ukurasa ule, nikaurudisha kwenye bahasha. Najua unaweza kuchapa mwingine popote. Usichape. Wala usiende kumtafuta mkubwa mwingine wa kumkalisha pale. Andika lako na la Rehema, nusu kwa nusu au vyovyote mnavyofanya kazi, na muwe juu. Hamjamkosea mtu kwa kuwa juu ya kazi yenu.

Barua hii nitaiweka kwenye begi lako, chini ya sweta. Utaiona ukiwa unapanga vitu jioni hii, kabla hujalala, na ukiisoma usinifuate chumbani.

Alfajiri hutanikuta. Nitakuwa nimeshuka mtoni kukata majani ya ng'ombe, nitakaa huko mpaka basi liondoke. Mama yako atakuombea yeye, na atanilaumu, na atakuwa na haki. Shikamoo yako ya kesho naipokea leo: marahaba, mwanangu, marahaba sana. Baraka ninayo na umeipata yote. Haina hisa ndani yake.

Ukipita kwenye migomba kwenda barabarani, utaona njia inayoteremka mtoni. Pita moja kwa moja. Usiniite, Eliwaza. Ukiita nitapanda.

Baba yako